Rejeta Iliyokunywa Maji ya Chumvi

Tangu nirudi, watu wa Chang'ombe wananiuliza swali moja, na wote wanaliuliza kwa neno moja: "Lilifika?" Wengine huanza kucheka kabla sijajibu. Naandika haya ili niwajibu wote kwa pamoja. Lilifika. Lakini mkitaka kujua lilifikaje, na kwa nini mtu mwenye akili zake aliamua kumpakia mama yake mzazi kwenye kigari kilichozeeka na kumpeleka hadi milima ya Njombe, itabidi mnivumilie kidogo.

Mama alivunjika nyonga, akaletwa Dar kwa upasuaji, kisha akakaa kwangu akijifunza upya kutembea kwa mkongojo. Wakati huohuo ukoo ulipanga kulijengea kaburi la baba. Kwetu kaburi huachwa la udongo mpaka ardhi itulie, halafu jamaa hukusanyika, hulijengea kwa saruji na kusimika msalaba. Saruji ya kwanza huwekwa na mjane. Siku ilishatangazwa, ni Jumamosi, na wageni walishaalikwa.

Daktari alimruhusu mama kusafiri kwa sharti kwamba mguu uwe umenyooka njia nzima, na kila baada ya mwendo kidogo ashuke asimame. Basi la mikoani haliwezi kusimamishwa kila mara kwa ajili ya nyonga ya mtu mmoja. Baba mdogo, ambaye ndiye msimamizi wa ukoo, alinipigia simu akasema kwa upole kwamba mama asipopatikana, shangazi ataweka saruji kwa niaba yake. Simu yangu ina sauti kubwa. Mama alikuwa amekaa karibu na alisikia kila kitu. Chakula cha siku ile hakukigusa.

Kesho yake nikaanza kutafuta gari.

Chang'ombe hadi Kinondoni: magari niliyoyaacha

Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda, si fundi. Ninachokijua kuhusu injini nimekisoma mwenyewe, nikakiuliza na kukitazama kwa miaka mingi kabla sijawa na gari la kukijaribia. Kwa hiyo niliingia sokoni nikiwa na maswali yangu tayari, na dalali aitwaye Shomari, kijana wa Kinondoni mwenye maneno mengi kuliko magari, ndiye aliyenitembeza.

Gari la kwanza lilikuwa limeegeshwa kivulini, limepigwa nta mpaka ukijitazama unanyoa ndevu. Nikaweka kiganja juu ya boneti. Ya moto.

"Mbona limeshawashwa?"

"Nililiandaa likupokee, mkubwa. Mgeni unampokea kwa baridi?"

Gari dogo lililozeeka hujulikana asubuhi, likiwa limelala usiku kucha. Injini ikishapashwa moto, huficha moshi wake na kikohozi chake. Nikaaga. Siku iliyofuata nikarudi alfajiri bila kutoa taarifa, nikaomba liwashwe. Lilitoa moshi wa buluu uliotanda mpaka kwa muuza vitumbua, naye akafunika beseni lake. Moshi wa buluu maana yake injini inakunywa oili. Shomari alitazama moshi ule, akanitazama mimi, akasema, "Asubuhi kuna ukungu."

La pili lilikuwa kwa jamaa mmoja Mwananyamala. Injini ilikuwa kimya na viti safi. Nikageuza ufunguo hatua moja bila kuwasha. Katika hatua ile taa zote za dashibodi hupaswa kuwaka kwanza, kisha zizime moja moja, kama wanafunzi wanavyoitika majina yao asubuhi. Ya betri ikaitika, ya oili ikaitika, ya breki ikaitika. Ya injini kimya.

"Taa ya injini haiwaki," nikasema.

"Ndiyo raha yake sasa!" alijibu mwenye gari. "Ikiwaka ndio ishu."

Mtu aliyeing'oa taa ile alikuwa na jambo ambalo hakutaka mnunuzi aambiwe. Nikamshukuru mwenye gari, nikaondoka.

La tatu lilikuwa Temeke, upande wa Tandika, na nusura nilichukue. Liliwaka likiwa la baridi, taa zake ziliitika, moshi hakuna. Bei ilikuwa rahisi mno, na hiyo tu ndiyo iliyonisumbua. Nikakaa kiti cha nyuma, nikashika mkanda na kuuvuta mpaka mwisho, pale usipofika mkono wa mtu anayeosha. Sehemu ile ya mwisho ilikuwa na mstari wa tope lililokauka. Nikafunua zulia chini ya kiti: boliti zimeshika kutu, na ndani ya sponji kuna mchanga laini wa mtoni. Gari lile lilizama kwenye mafuriko. Gari lililozama hukaushwa, hunyunyiziwa manukato, nalo huenda vizuri kwa muda. Kisha nyaya zinaanza kuoza ndani kwa ndani, na siku moja linakuzimikia mahali usipomjua mtu.

Shomari alichoka. "Mzee, we unanunua gari au unaoa? Hata mkeo hukumkagua hivi!"

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mke wangu, Mama Eliza, maneno hayo. Alicheka sana. "Kweli hukunikagua," akasema. "Mie ndiye niliyekukagua wewe."

Ng'ambo ya daraja

Gari nililonunua nililipata Kigamboni. Tulivuka daraja na Shomari, yeye akiwa ameshaapa kwamba hii ndiyo safari ya mwisho. Mwenye gari alikuwa Bi Mwajuma, karani mstaafu, mama wa Kipwani aliyevaa miwani minene na khanga iliyopigwa pasi. Kabla ya neno lolote kuhusu gari alitukalisha barazani na kutupa mihogo ya nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kula kwanza. Gari haina miguu ya kukimbia."

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la milango mitano, la baridi kabisa. Nikaliwasha, likaamka bila kukohoa. Taa ziliitika zote. Mikanda ilikuwa misafi mpaka mwisho. Nikatia gia ya kwenda mbele huku nimekanyaga breki: lilishika mara moja, taratibu, bila kugonga. Kwenye gari la gia za kujiendesha hilo ni jambo kubwa. Gia ikikawia kushika halafu ikaruka kama iliyoshtuliwa usingizini, gia boksi imechoka, na kuitengeneza ni kama kununua gari jingine. Bushi za mbele, zile raba za kwenye vyuma vya magurudumu, zilikuwa zimelegea na zikigonga kwenye mashimo. Hilo nililitarajia; kwa barabara zetu za mitaani, gari kuukuu lisilogonga ndilo la kutilia shaka.

Kisha nikatandika gunia nikaingia chini. Huko nilikuta kutu nyekundu kwenye bomba la moshi na kwenye vyuma vyote vya chini, nyingi kuliko umri wa gari. Nikafungua boneti. Pembezoni mwa kifuniko cha rejeta palikuwa na ukoko mweupe kama wa sufuria ya chai, na maji ya ndani hayakuwa na rangi yoyote. Maji ya rejeta hununuliwa dukani, nayo huwa ya kijani au mekundu ili yajulikane. Haya yalikuwa maji tu.

"Bibi, humu unatia maji gani?"

"Ya kisima changu," alisema kwa fahari. "Na kuiosha naiosha kwa hayohayo, kila siku ya Mungu. Mimi kwa maji sina choyo."

Nikaenda kwenye bomba la uani, nikakinga kiganja, nikaonja. Wenyeji wa Kigamboni wanajua nilichoonja.

"Bibi, maji haya yana chumvi."

"Chumvi iko wapi? Chumvi kidogo tu. Wali wangu mie siutii chumvi mwaka wa ngapi huu!"

Shomari alishika tama. Aliona mauzo yamekufa. Lakini mimi nilikuwa nimeshaamua. Bi Mwajuma hakunificha kitu. Yeye aliamini kabisa kwamba analitunza gari lake, na kwa mambo mengine yote alilitunza kweli. Maradhi yake yalikuwa yanajulikana: rejeta na kila kinachopitisha maji vilikuwa vimekunywa chumvi kwa miaka. Hivyo vinabadilishika. Kati ya gari lisilo na kasoro na gari ambalo kasoro yake naijua jina, nachukua la pili, kwa sababu la kwanza halipo.

Bi Mwajuma alilisindikiza mpaka barabarani. Alilipigapiga kwenye boneti kama ng'ombe aliyeuzwa. "Kamtii huyu," akaliambia. "Ana maswali mengi lakini ana heshima."

Kwa Fundi Kasimu

Nililipeleka kwa Fundi Kasimu hapahapa Chang'ombe, mnamjua, na namtaja kwa sababu yeye mwenyewe amenipa ruhusa. Nilimletea rejeta mpya, kifuniko kipya, mipira mipya, pampu ya maji na maji ya rangi. Alifanya kazi nzuri. Tulibishana jambo moja tu, themostati, kile kilango kidogo kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto lake. Mafundi wetu wengi hukiona, hukitoa, hukitupa.

"Dar hii, joto lote hili, unataka kupasha nini?" aliuliza akiwa nacho mkononi. "Hii wenzetu wanawekewa kwa ajili ya theluji. Naitoa, gari ipumue."

"Rudisha, fundi."

"Nakushauri kama ndugu."

"Nakusikia kama ndugu. Rudisha."

Nilisimama pale mpaka kikarudi. Kisha nikaondoka kumchukua mama kliniki, nikamwacha fundi amalizie. Jioni gari lilikuwa tayari, nikalijaribu hadi Kibaha na kurudi; mshale wa joto haukucheza.

Chang'ombe hadi Mikumi: mgonjwa asiye mgonjwa

Tuliondoka Alhamisi kabla jua halijatoka. Mama alikaa nyuma kwa upana, mguu umenyooshwa juu ya mito miwili, mkongojo kando yake, kitenge kimemfunika magoti. Mama Eliza alikaa mbele nami. Sikupita mwendo wa wastani. Malori yalitupita, mabasi yalitupita, na karibu na Chalinze pikipiki yenye matenga ya kuku nayo ikatupita.

"Festo," mama aliniita kutoka nyuma, "yule kuku amenitazama kwa huruma."

Kila tuliposimama ili asimame, watu walitukusanyikia. Mkao wake ule ndio uliowapoteza. Morogoro, kwenye mgahawa tulikokula wali na maharage, mhudumu alimletea supu ambayo hatukuiagiza na kusema, "Mpeni bibi, maskini, asogeze siku." Mbele kidogo askari wa barabarani alitusimamisha, akachungulia nyuma, uso wake ukabadilika. "Mnamrudisha nyumbani?" akauliza kwa sauti ya chini. Nikajibu ndiyo, kwa sababu ni kweli. Akavua kofia. "Poleni sana. Piteni."

Mama alisubiri mpaka tumeondoka. "Kwa nini amevua kofia? Mimi nimekufa?"

"Amekuheshimu, mama," Mama Eliza alisema, akiuma midomo.

"Aniheshimu kwa shikamoo. Kofia amvulie marehemu."

Tangu hapo, kila tuliposimama alikuwa wa kwanza kusema, kabla mtu hajafungua mdomo: "Mimi siumwi. Naenda kumjengea mume wangu."

Tulipita mbugani Mikumi taratibu. Twiga walikuwa kando ya barabara. Hawakutushangaa na sisi hatukuwashangaa. Macho yangu yalikuwa kwenye mshale wa joto. Ulikuwa katikati, mahali pake.

Ruaha Mbuyuni

Baada ya Mikumi barabara huingia milima ya Iyovi, kupanda na kushuka kwenye joto la bonde. Huko ndiko mshale ulipoanza kusogea. Ulisogea kidogo, mtu asiyeutazama asingeona. Nikazima kiyoyozi na kufungulia hita mpaka mwisho. Hita ya gari hutumia joto la injini, kwa hiyo ukiifungulia unaipunguzia injini mzigo na kuubeba wewe.

"Baba Eliza, umechanganyikiwa?" mke wangu aliuliza, jasho likimtiririka. "Jua hili unatuwashia moto?"

"Tunaisaidia injini."

"Na sisi nani atatusaidia?"

Hivyo ndivyo tulivyoingia Ruaha Mbuyuni: vioo wazi, hita inapuliza, watu watatu wamelowa kama waliotoka mtoni. Nikaegesha pembeni ya vibanda vya vitunguu, nikazima, nikafungua boneti. Chupa ya akiba ya maji ilikuwa imejaa mpaka mdomoni.

Wanaume wanne walifika wakati uleule, kila mmoja na ushauri. "Fungua rejeta!" "Mwagia maji!" Mmoja alishavua shati akalikunja kama kitambaa na kunyoosha mkono kwenye kifuniko. Nikaudaka mkono wake. Rejeta ya moto ikifunguliwa, maji yanayochemka huruka usoni.

"Haifunguliwi mpaka ipoe," nikasema.

"Mzee, una mgonjwa humo ndani na unangoja ipoe!"

"Siumwi!" sauti ya mama ilitoka nyuma. "Naenda kumjengea mume wangu!"

Nikasimama mbele ya gari na kulilinda. Moyoni sikuwa nimetulia. Mbele yetu ulikuwa mlima Kitonga, na gari lililoshindwa Iyovi halipandi Kitonga. Nikifanya pupa na kichwa cha injini kikapinda, basi Jumamosi shangazi ataweka saruji, na mama yangu ataisikia habari hiyo akiwa ameketi kando ya barabara. Nikajilazimisha kufikiri kwa mpangilio. Chini hapakuwa na tone: mipira haijapasuka. Feni ilikuwa ikizunguka nilipoegesha. Mkanda wa pampu upo. Maji yametoka kwenye rejeta, yamekwenda kwenye chupa ya akiba, na hayarudi. Mlango kati ya hivyo viwili ni mmoja tu: kifuniko.

Injini ilipopoa nikakifungua. Kiling'aa kama sarafu mpya. Nikakigeuza. Mpira wa ndani ulikuwa umekakamaa kama ganda la muhogo, na springi imeliwa na kutu. Kifuniko cha rejeta si kifuniko cha sufuria. Springi yake hubana maji ili yasichemke mapema. Hiki hakikubana chochote. Hakikuwa kile nilichokinunua mimi.

Nikampigia Fundi Kasimu.

"Fundi, kile kifuniko kipya kiko wapi?"

"Kile? Kiko hapa kwenye kopo langu," alijibu kwa furaha. "Nilikupendelea. Kile chako cha dukani feki, chepesi kama karatasi. Nikakurudishia cha mwanzo, kimekuja na gari, orijino kabisa! Nimekisugua kwa petroli na mswaki mpaka kikang'aa."

Ndivyo tulivyo. Kitu kilichokuja na gari tunakiita orijino hata kama kimeshakufa, na kipya tunakishuku. Kasimu alininyima kifuniko kwa mapenzi. Nilimwambia tutaongea nikirudi, na tumeongea, na ameelewa.

Duka la vipuri lililokuwepo lilikuwa na vya pikipiki tu. Ndipo muuza vitunguu mmoja, mama mnene mwenye kicheko, Mama Zaituni, aliposema uani kwake kuna gari dogo la mumewe lililokufa zamani. Kuku hutagia ndani yake. Nikaenda kutazama. Kifuniko chake kilikuwa kizima, mpira laini, na namba ya mbano iliyopigwa juu yake ilikuwa ileile iliyo kwenye rejeta yangu.

"Siwezi kukitoa," Mama Zaituni alisema. "Mwenye gari yupo Mtera kwenye samaki, harudi mpaka Jumapili. Kila mwaka anasema atalifufua. Akikuta halina kofia atasema nimeanza kuliuza vipande vipande."

Nilimweleza mbano, springi na mchemko. Alinisikiliza kwa adabu kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari ya nchi nyingine. Mama aliona sifiki popote. Akaomba ashushwe, akaja kwa mkongojo mpaka uani, hatua kwa hatua, akaketi juu ya gunia la vitunguu.

"Mwanangu," alimwambia, "mume wako akisafiri akikawia, unamwekea chakula?"

"Namwekea, bibi."

"Mimi wangu hatarudi. Kilichobaki ni kumtengenezea alipolala. Wanasema nisipofika watamtengenezea bila mimi."

Mama Zaituni alimtazama. "Kumbe siyo mgonjwa? Hapa nje wanasema mnamwahisha Iringa hospitali."

"Siumwi! Nimeimba wimbo huo tangu Morogoro!"

Wakacheka wote wawili mpaka kuku wakatoka garini. Mama Zaituni alikwenda akakifungua kifuniko mwenyewe, akakifuta kwa khanga yake na kunipa. "Hicho kibovu chako niachie," akasema, "tundu lisikae wazi. Mume wangu nitamwambia nimempa mjane. Akibisha, atalala na kuku." Hakutaka malipo. Tulinunua kwake vitunguu vya kujaza buti, na wakati wa kurudi nilimpelekea kifuniko kipya na gunia la viazi vya Njombe. Mumewe alikuwepo, alinisalimia vizuri, akaniambia mwaka huu analifufua.

Nilijaza maji, nikakaza kifuniko, nikaiacha injini iungurume huku nikiutazama mshale. Ulisimama katikati. Tukalala Ruaha Mbuyuni, kwani Kitonga nilitaka kuupanda na baridi ya asubuhi.

Kitonga hadi Makambako

Watu huuogopa Kitonga, na wana haki. Upande mmoja ni jabali, upande mwingine ni hewa, na mbele yako lori linapanda kwa mwendo wa mtu aliyebeba jeneza. Niliweka gia ya chini, nikazima kila kisichohitajika, nikaacha nafasi nyuma ya lori ili nisivute joto lake. Kona kwa kona mshale ulibaki pale nilipouacha. Tulipotokea juu, kwenye upepo, mama alisema neno moja tu.

"Limepanda."

Nimewahi kusifiwa kazini, na nimewahi kupewa cheti. Neno lile naliweka juu ya hivyo vyote.

Iringa tulikunywa chai na chapati, na mwenye mgahawa alituamkia kwa "Kamwene!", salamu ya kwetu kule juu. Mama akaitikia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu avunjike. Akauliza kama kuna viazi vya kuchemsha. Vilipoletwa akavila vyote, akanieleza kwamba kwangu Dar alikuwa anakula ili dawa zisimuumize tumbo tu; wali wa nazi si chakula cha mtu mzima.

Baada ya Mafinga baridi ilituingia, na ukungu ukashuka barabarani. Safari hii Mama Eliza mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono akafungulia hita. Ikapuliza joto safi, la kutosha, miguuni mwa mama. Hapo nikamkumbuka Fundi Kasimu na kile kilango alichotaka kukitupa. Gari lisilo na themostati lingetufikisha Makambako tukitetemeka, injini ikinywa mafuta kwa ubaridi. Mama Eliza alinitazama.

"Sema tu," akasema. "Unataka kusema."

"Themostati," nikasema.

"Haya. Hongera."

Tulilala Njombe kwa binamu yangu.

Njombe hadi nyumbani

Asubuhi ya Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha. Baba mdogo alipiga simu: mafundi wametoka kijiji cha mbali, wingu bado lipo, saruji inachanganywa asubuhi hiyohiyo kabla mvua haijarudi. "Mkiwahi, sawa," akasema. "Msipowahi, shangazi yenu yupo tayari." Sauti yake haikuwa mbaya. Yeye alikuwa na hakika tu kwamba kigari cha aina ile hakifiki kwetu.

Lami iliisha, tukaingia barabara ya udongo mwekundu. Tumbo la gari lilikwaruza mara kadhaa. Kwenye mteremko wa mwisho kuna kijito, kisha kilima kilichochimbwa na matairi ya matrekta. Nikashuka, nikakipanda kwanza kwa miguu na fimbo, nikipima kina cha mifereji na kutafuta mahali ambapo matairi yangu membamba yatapita juu ya matuta badala ya kuingia ndani. Tukashusha vitunguu vyote pembeni. Mama Eliza akavua viatu, akashuka.

"Nami nishuke?" mama aliuliza.

"Wewe kaa. Gari linahitaji uzito nyuma."

Hilo halikuwa kweli. Magari haya huvuta kwa matairi ya mbele. Lakini sikuwa tayari kuipandisha nyonga ile kwenye utelezi. Nikaondoka taratibu, bila kukanyaga mafuta kwa hasira, tairi moja juu ya tuta, jingine kwenye majani. Katikati liliteleza ubavu, nikaachia usukani urudi wenyewe, likashika. Tulipotokea juu nikaona watu wamesimama makaburini, turubai limefungwa, na toroli la saruji iliyokwisha kuchanganywa. Shangazi alikuwa ameshika mwiko.

Baba mdogo aligeuka akaliona gari. Aliyatazama matairi, akalitazama paa, akanitazama mimi nikifungua mlango wa nyuma.

"Limepita wapi?" akauliza.

"Barabarani, baba."

Mama alishuka. Alikataa mkono wangu, alikataa kiti alicholetewa. Watu walimpisha akaenda kwa mkongojo mpaka kando ya kaburi. Shangazi alimkabidhi mwiko kwa mikono miwili, na akarudi nyuma. Tulidhani mama atachota saruji, aweke, mafundi waendelee. Badala yake alisimama akaanza kuongea.

"Baba Festo," alisema, "nimechelewa. Nilianguka nikavunjika, wakanipeleka mbali. Sasa nimekuja. Nimekuja kwa gari la mwanao."

Akamweleza. Alimweleza hospitali, na mkongojo, na wali wa nazi. Alimweleza kuku aliyemtazama kwa huruma, askari aliyevua kofia, na hita iliyowashwa juani. Watu walianza kucheka kwa siri, kisha wakacheka wazi, wengine wakilia. Fundi mmoja alinisogelea na kuninong'oneza, "Kaka, simenti inaganda." Baba mdogo alikohoa. Mama alikuwa bado Ruaha Mbuyuni, kwa Mama Zaituni.

Nimesoma, tena zaidi ya mara moja, kwamba saruji ikishaanza kushika haiongezwi maji. Hupoteza nguvu yake. Nilichukua ndoo, nikachuchumaa kando ya toroli, nikawa naongeza maji kidogo kidogo na kukoroga, kidogo kidogo na kukoroga, mpaka mama alipomaliza kumsimulia mumewe safari yote, na ndipo akachota.